Faiba, laini ya simu au waifai ya vocha: nani anaona unachoshusha, na uchague vipi

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Gungu, hapa Kigoma, kwa mama mmoja mwenye gesti ya vyumba kumi na moja, kaniita nimfungie waifai ya wageni. Nimeshapanda darini navuta waya, ananiita nishuke. Anasema fundi mwanangu, kabla hujaendelea niambie kitu kimoja, hawa wageni wakishusha muvi za wizi humu ndani kampuni ya intaneti inaona? Na ikiona anakuja kuulizwa nani, yule mgeni aliyeondoka alfajiri na basi la Tabora au mimi niliyesajiliwa kwenye laini?

Nikamwambia mama hilo swali zito, na jibu lake linategemea unanunua intaneti kwa nani na ya aina gani. Tukakaa mapokezi karibu saa nzima tunalinganisha. Naandika hapa yale tuliyoongea maana naulizwa hivyo hivyo Mwanga, Katubuka mpaka Ujiji, na watu wengi wanachagua kwa kuangalia bei na spidi basi.

Niseme mapema nimesimama wapi ili usome ukijua. Kazi yangu ni kufunga mitandao, ila mdogo wangu yupo kwaya na mwaka juzi walirekodi albamu ya video kwa michango yao wenyewe, watu wameuza mawese na dagaa kulipia studio. Kwa hiyo wizi wa kazi za wasanii unaniuma, nimeuona unavyoumiza watu ninaokula nao. Pia siko tayari kampuni ichungulie kila ninachofanya kisa kuna mtu mahali fulani anaiba muvi. Hivi vitu viwili vinakaa pamoja kwangu bila shida.

Kwanza, ruta inaona nini hasa

Mama alitaka aone kwa macho, nikamwonyesha kwenye simu. Jana yake nilikuwa nimeshamwekea ruta ya MikroTik pale mapokezi kwa majaribio, ina kitu kinaitwa Torch, ukikiwasha unaona mistari inatiririka, kifaa gani kinaongea na anwani ipi (hiyo ni namba inayotambulisha kila aliye kwenye intaneti, inaitwa IP), kwa mlango namba ngapi (namba ya huduma inayotumika), kwa spidi gani. Simu nyingi zilikuwa na mistari mitatu minne, hizo ni WhatsApp, YouTube, mtu anasoma habari. Ila laptop moja ya chumba namba 7 ilikuwa na mistari zaidi ya mia mbili kwa mpigo, anwani za nchi za kila kona, milango ya namba za ajabu ajabu, inavuta na yenyewe inatuma. Usiku kucha ilikuwa imekula kama GB 14.

Nikamwambia mama hii ni torenti, njia ya watu kugawiana mafaili makubwa wenyewe kwa wenyewe. Akauliza, muvi gani? Nikamwambia sioni. Hapo hakuniamini kabisa, akasogeza kiti. Lakini ndio ukweli wenyewe, naona ni torenti kwa tabia ya mistari yake, ndani ya mzigo sioni. Inaweza ikawa muvi ya wizi, inaweza ikawa Linux, ile programu ya kuendeshea kompyuta, ambayo wenyewe waliotengeneza wanaigawa bure kwa torenti, halali kabisa. Kwenye Torch vyote vinafanana.

Na zile simu zingine, tovuti nyingi siku hizi zina kale kakufuli ka HTTPS, kwa hiyo anayekuuzia intaneti anaona jina la tovuti uliyoingia na MB ulizotumia na saa, haoni ukurasa gani umefungua wala faili gani umechukua. Kama barua, bahasha anaiona, karatasi ya ndani haioni.

Mama akacheka akasema basi ni kama kitabu changu cha wageni. Na kweli ni hivyo hivyo, nimekuwa nautumia mfano wake tangu siku ile. Ukiingia gesti unaandikwa jina, umetoka wapi, unaenda wapi, umeingia saa ngapi, chumba namba ngapi. Polisi au uhamiaji wakija na sababu zao wanasoma kile kitabu, na sisi tuko mpakani hapa, wanakuja. Lakini mwenye gesti hafungui begi la mgeni. Kampuni za intaneti nazo zipo za kitabu tu, na zipo zilizojaribu kufungua mabegi.

Sasa kama kampuni haioni ndani, wenye muvi wanajuaje? Hapa watu wengi wanakosea, wanadhani kuna mtu wa kampuni amekaa Dar anaangalia. Torenti ilibuniwa 2001 na Bram Cohen, na utaratibu wake ni kwamba wote mnaoshusha faili moja mnagawiana vipande wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo kila mmoja anaona anwani za IP za wenzake. Mwenye muvi anatuma watu wake wanajiunga kwenye kundi lile lile kama washushaji wa kawaida, wanaandika anwani zote na saa na sekunde, halafu wanaandikia kampuni zinazomiliki hizo anwani. Yani macho yako nje, kampuni inachoulizwa ni kitabu tu, saa fulani anwani hii alikuwa nayo mteja gani. Ndio maana kuwa na kampuni nzuri hakukufichi kwenye torenti, na pia ndio maana kampuni haina haja ya kufungua mzigo wako ili wenye haki wapate haki yao. Hiyo sentensi ya mwisho ishike, nitairudia.

Wanaofungua mabegi na wanaosubiri barua

Wafungua mabegi, mfano unaojulikana ni Comcast ya Marekani. Mwaka 2007 waliweka mitambo inayotambua torenti na kuikata katikati, inatuma ujumbe wa uongo kwa kompyuta zote mbili kwamba mwenzio amekata simu. Shirika la habari la AP likafanya jaribio, wakashusha Biblia, ile ya King James, haina hakimiliki kwao, ni kitabu cha kila mtu, na yenyewe ikakatwa. Mtambo uliona torenti ukapiga. Tume yao ya mawasiliano, FCC, ikawaamuru 2008 waache, halafu 2010 mahakama ikasema tume haikuwa na mamlaka ya kutoa ile amri, mambo yakaendelea kuvutana huko. Mimi kilichonikaa ni ile Biblia. Kila ninapofikiria mashine inayokagua mzigo bila kuelewa, nafikiria mtoto wa mtu Kasulu anashusha vitabu vya shule na vinakatika katika na hajui kwa nini, na hata akipiga simu huduma kwa wateja anaambiwa zima ruta uwashe.

Ubelgiji walienda mbali zaidi. SABAM, ambao ni kama COSOTA yetu, wale wa hakimiliki, ila wao upande wa wanamuziki, walishtaki kampuni ya intaneti inaitwa Scarlet wakitaka iweke chujio la kukagua mawasiliano ya wateja wote, muda wote, kwa gharama ya kampuni yenyewe. Mahakama ya Brussels ikakubali 2007. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya na tarehe 24 Novemba 2011 ikasema hapana, huwezi kuilazimisha kampuni ikague kila mteja bila kikomo, unavunja faragha, unavunja uhuru wa kupokea habari, na chujio lenyewe linaweza kuzuia vya halali kwa sababu halitofautishi vizuri. Soma tena hiyo sababu ya mwisho, ni ile ile ya Biblia.

Upande wa pili wapo wa barua, na humu ndani wanatofautiana sana, usiwaweke kapu moja.

Canada ndio naipenda. Tangu Januari 2015 sheria yao inasema mwenye haki akileta taarifa, kampuni inaipeleka kwa mteja husika, inamwambia imekujia hii, basi. Jina lako halitolewi kwa aliyelalamika, intaneti haikatwi. Akitaka jina lako aende mahakamani. Baadaye watu wakaanza kuweka kwenye zile barua vitisho vya lipa hela tukusamehe, bunge lao likapiga marufuku 2018. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyoongea na mtu mzima.

Marekani kampuni tano kubwa, AT&T, Comcast, Verizon na wenzao, walianza Februari 2013 mpango wa maonyo hatua kwa hatua, watu wakauita maonyo sita, ukafa Januari 2017. Baada ya hapo wenye muziki wakaishtaki kampuni ya Cox kwamba inapokea malalamiko na haiwakati wateja wabishi, na Desemba 2019 baraza la mahakama likaiambia ilipe dola bilioni 1 kwa kazi elfu kumi na kidogo. Mahakama ya rufaa ikafuta hicho kiasi Februari 2024 na kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu ya nchi yao. Kwa nini inakuhusu wewe mtu wa Kigoma? Kwa sababu kampuni ikiogopa kulipa bilioni, itaanza kukata watu kwa tuhuma tu, na akikatwa mwenye laini anakatwa na kila aliye nyuma yake. Gesti nzima. Shule nzima. Zahanati.

Ufaransa ndio ilinifanya nikae kimya pale mapokezi, maana mama aliuliza tena na tena, mwenye laini anahusikaje. Walianzisha chombo kinaitwa Hadopi 2009, onyo la kwanza, la pili, la tatu mahakamani. Mtu wa kwanza kutiwa hatiani, 2012, alikuwa baba mmoja wa mashariki ya nchi, na aliyeshusha nyimbo alikuwa mke wake, tena mke mwenyewe akakiri. Baba akapigwa faini euro 150. Kosa lake ni kwamba laini ni ya kwake na hakuilinda. Adhabu ya kukatiwa mtu intaneti waliifuta 2013, na 2022 chombo chenyewe kikaunganishwa na kingine, ila ule mfano wa mume na mke mimi nawaambia wenye gesti wote.

Halafu kuna suala la makosa. Ireland kampuni ya Eircom ilituma maonyo kwa wateja kama 300 ambao hawakufanya chochote, sababu ni kwamba saa za kule zinarudishwa nyuma saa moja msimu ukibadilika na seva yao haikubadilishwa. Saa moja tu imekosewa kwenye kitabu, na anayeandikwa mwizi ni aliyelala chumba hicho jana yake. Sisi hatubadilishi saa, lakini ruta nyingi ninazokuta mtaani zinaonyesha tarehe ya mwaka 1970 kwa sababu hakuna aliyeziseti. Kama ukija kuulizwa na daftari lako linasema 1970, umejitetea nini?

Wapo pia wa aina ya tatu, wanaofunga tovuti nzima kwa amri ya mahakama, kama Uingereza BT walivyoamriwa 2011 kufunga Newzbin2. Hao sina shida nao sana, mahakama imesikiliza, tovuti inajulikana, mteja hakaguliwi. Tusonge.

Hapa kwetu sheria inasema nini

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 39, inasema mtoa huduma halazimiki kufuatilia data anazopitisha au kuhifadhi, wala kwenda kutafuta mwenyewe dalili za uvunjaji wa sheria. Watu wengi hawakijui hiki kifungu na ndio msingi wa kila kitu, yani sheria yetu haimpi kampuni kazi ya kufungua mabegi. Lakini usikimbilie kufurahi, sheria hiyo hiyo kifungu cha 24 inafanya kutumia kompyuta kukiuka haki za ubunifu kuwa kosa la jinai, na adhabu inakuwa nzito zaidi ukifanya kibiashara, na polisi wana utaratibu wa kudai taarifa za mteja. Hakimiliki yenyewe iko kwenye sheria ya 1999 na wanaoisimamia ni COSOTA. Ongeza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, una haki ya kumuuliza anayekusanya taarifa zako anakusanya nini na kwa nini. Haki hiyo wachache sana wanaitumia, mimi nimeitumia mara moja kwa kampuni moja wapo na jibu lilichukua muda lakini lilikuja.

Sasa tulinganishe unachoweza kununua ukiwa Kigoma

Laini ya simu, iwe bando kwenye simu au ile ruta ya nyumbani ya 4G. Mitandao ya simu haina anwani za IP za kumtosha kila mteja, kwa hiyo wateja wengi wanawekwa nyuma ya anwani moja kwa wakati mmoja. Mtu wa nje akiandika anwani peke yake ameandika umati, inabidi awe na namba ya mlango na sekunde kamili ndipo kampuni itafute ni nani. Lakini usidhani umejificha, laini imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, kwa hiyo wakikupata wamekupata wewe kwa jina lako kamili. Faida kubwa ni kwamba kila mtu anabeba mzigo wake, bando lako dhambi zako. Kwa mtu anayeishi peke yake au wanandoa, sioni sababu ya kuhangaika na kingine kama matumizi ni madogo. Shida inaanza ukigeuza simu kuwa hotspot na kuwagawia wapangaji wote uani, hapo umekuwa baba wa Ufaransa.

Faiba. Mkongo wa taifa umefika hapa miaka mingi, na ukiweza kupata faiba mpaka mlangoni kwa matumizi ya ofisi au gesti, utulivu wake haufanani na kitu kingine. Kwa habari ya kuchunguzwa, tofauti na simu ni kwamba anwani yako mara nyingi inakaa muda mrefu, na ukilipia anwani ya kudumu kwa ajili ya kamera au seva basi ile ni yako peke yako, ni kama namba ya nyumba. Barua ikija haina utata imekuja kwako. Kwa biashara mimi naona hilo ni jambo jema ukijipanga, maana una mkataba, una jina la kampuni, una mtu wa kumpigia, na unaweza kudai kwa maandishi wakuarifu kabla ya kukata. Usipojipanga ni mzigo.

Waifai ya vocha ya mtaani, hizi za shilingi mia tano kwa siku, vijana wananunua intaneti kubwa wanaigawa. Naomba nisieleweke vibaya, baadhi ni rafiki zangu na nimewafungia mitambo mwenyewe, na zimewasaidia wanafunzi wengi. Lakini kwenye suala hili ndio chaguo lenye giza zaidi. Kampuni kubwa inamjua mwenye mtambo tu, wewe hujulikani, wengine wanaona hiyo ni faida. Angalia upande wa pili, yule kijana anayo ruta kama niliyomwonyesha mama, akitaka anaweza kuona na kuandika majina ya tovuti unazoingia, hana mkataba na wewe, hujui anaweka daftari muda gani na nani anasoma. Hapa mtaani kwetu kuna mmoja alikuwa anawatania wateja hadharani, wewe jana usiku ulikuwa unaangalia nini mpaka saa nane, mbele ya watu, dukani. Kijana wa watu alihama kabisa pale akawa anatembea mpaka Mwanga kununua vocha kwingine. Hakuna kampuni kubwa imewahi kunifanyia hivyo. Na siku mwenye mtambo akikatwa kwa ajili ya mteja mmoja, mnazimika wote.

VPN, programu inayopitisha intaneti yako yote kwa mtu mwingine kwanza, si njia ya kununulia intaneti, ila watu wanaiweka kwenye orodha kila mara kwa hiyo niiseme. VPN inahamisha kitabu cha wageni, kampuni yako inaona bahasha moja kubwa inaenda kwa mwenye VPN, na mwenye VPN ndiye anaona bahasha zote ndogo. Kama ni ya kulipia na inaaminika, sawa. Kama ni ya bure iliyojaa matangazo, umemtoka mtu aliyeko Tanzania chini ya sheria zetu ukajikabidhi kwa mtu usiyejua hata yuko nchi gani. Na Oktoba 2023 TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, walitoa tangazo kuwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa zake, kwa hiyo kama ni ya ofisi fuata utaratibu. Na kitu kingine, VPN haifanyi muvi ya wizi kuwa halali, naona watu wanachanganya sana hapo.

Na kile ambacho hakuna kampuni itakiona kamwe

Nirudi kwa kwaya ya mdogo wangu maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ile albamu yao iliingia mtaani wiki ya pili tu. Nilisimama mwenyewe kwenye kibanda kimoja karibu na stendi, kijana ana kompyuta na foleni ya watu wameshika flashi na simu, nikamwambia niwekee kwaya, akafungua folda, humo ndani ziko kwaya zaidi ya thelathini na ya kwao ipo, imeandikwa jina la kwaya vibaya. Shilingi mia tano, nyimbo kumi, dakika mbili. Nililipa nikaondoka na ile flashi ninayo mpaka leo sijawahi kuichomeka. Mdogo wangu nilimwonyesha, hakusema neno, akaishika tu akaigeuza geuza.

Sasa niambie, kampuni ya intaneti ingekamata nini pale? Ile kompyuta haikuwa hata na intaneti siku ile. Faili limetoka kwenye simu ya mtu kwa Xender, ile app ya kurushiana mafaili bila bando, likaingia kwenye folda, likatoka kwenye flashi, limepanda boda mpaka Mwandiga, limevuka na boti mpaka vijiji vya ziwani. Ungeweka mtambo wa kukagua kila mteja Kigoma nzima, ungejua mambo ya siri ya watu wote wa mkoa huu na yule kijana wa stendi angeendelea kuuza. Kinachomsaidia msanii wa hapa ni kusajili kazi COSOTA mapema, kuiweka YouTube au Boomplay yeye mwenyewe kabla hajawahiwa, na vibanda kufuatiliwa na wenye mamlaka ana kwa ana. Kwaya ya mdogo wangu hawakuwa wamesajili, na hilo nimewaambia waziwazi, kazi inayofuata tunaanza na usajili ndipo tuingie studio.

Kwa hiyo uchague nini

Kama ni wewe na familia yako, chukua laini ya simu au ruta ya 4G kwa jina lako, paswedi usiigawe, na kama una vijana waeleze kabisa torenti inaonyesha anwani kwa dunia nzima, usiwaambie tu acheni.

Mwanafunzi wa kupanga chumba, afadhali bando lako dogo kuliko vocha ya mtu usiyemjua. Ukilazimika vocha, mambo ya benki na barua pepe fanyia kwenye data ya simu.

Gesti, shule, ofisi, hapo faiba au hata 4G ya biashara, ila kabla ya kusaini uliza maswali na uyaandike. Mnakagua ndani ya mzigo wa mteja au mnahifadhi kumbukumbu za anwani na saa tu? Mnazihifadhi muda gani? Akija mtu na malalamiko ya hakimiliki mnaniarifu kabla ya kunikata au nitajua intaneti ikizima? Mnatoa jina langu kwa nani, kwa karatasi gani? Wakala akikujibu usijali mama hayo mambo hayapo huku, huyo hajui, omba mtu mwingine. Kampuni ikikuambia kwa majivuno sisi tunachuja kila kitu, mimi ningeondoka hapo hapo hata kama bei ni nusu, nimeshaeleza sababu, Biblia na wale wateja wa Ireland.

Na wageni watenge na mtandao wa ofisi. Kesi ya Ujerumani ilionyesha kwa nini, jamaa mmoja anaitwa McFadden alikuwa na duka la taa na spika karibu na Munich, kaweka waifai ya wazi bila paswedi, mtu asiyejulikana akashusha wimbo, Sony wakamdai yeye. Septemba 2016 mahakama ya Ulaya ikasema halipi fidia kwa kosa la mtu mwingine, ila anaweza kuamriwa aweke paswedi na watumiaji wajitambulishe kabla ya kupewa. Sheria yetu si ya Ulaya, lakini kama jambo ni la kuweka paswedi na kujua nani yuko kwenye mtandao wako, kwa nini usubiri mahakama? Hata kanuni zetu za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe wafunge kamera, yani mwenye sehemu anahesabika.

Mama alichukua faiba kwa jina la biashara. Nikamtengea mtandao wa wageni mbali na wa ofisi, saa ya ruta nikaiseti ijirekebishe yenyewe, torenti kwenye mtandao wa wageni nikaipunguza spidi wala sikuiziba, kwa sababu sijui nani anashusha Linux. Orodha ya tovuti za wageni ambayo ruta inaweza kuiandika nimeizima kabisa, inabaki vocha ipi imetumika kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, inafutika baada ya muda, na ukutani mapokezi kuna karatasi inasema hivyo hivyo kwa Kiswahili cha kawaida, tunaandika nini na hatuandiki nini, na usishushe kazi za watu bila ruhusa. Mgeni wa chumba namba 7 alikuwa ameshalipa akaondoka, hatukumuuliza chochote.

Kwenye kile kitabu cha wageni, baada ya safu ya anakoenda, mama amechora mstari mwingine kwa rula na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu, namba ya vocha.